Wazazi wa Ubatizo wa Mabwawa ya Majitaka

"Hivi Mama Bikira ananusa?"

Jirani yangu Casimira aliniuliza hivyo mwaka wa kwanza ambao maandamano ya sikukuu ya Kupalizwa hayakuteremka hadi Mtaa wa Chini. Tulikuwa tumekaa kizingitini kwangu, mishumaa mkononi, sketi za sikukuu zimepigwa pasi, tunasikia tarumbeta zikipita kule juu na kurudi zao kanisani. Nilimwambia atubu. Akasema hajamkosea mtu, ameuliza tu, kwa sababu kama Mama Bikira hanusi, basi wanaonusa ni wale wanaume wanaombeba, na hao hawajapalizwa mbinguni bado, wanaweza kuvumilia kama sisi tunavyovumilia.

Hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu chemba ya majitaka ya pale kona ilikuwa imefumuka, na maji meusi yalikuwa yakishuka polepole katikati ya mtaa, mtaa uleule ambao marehemu mume wangu Anacleto alikuwa akiutandika maua kila mwezi wa nane.

Siku chache baadaye nilimfuata Mzee Fortunato Ayaviri, kiongozi wa wabebaji wa sanamu. Ni fundi wa plasta, mtu wa maneno machache. Alinivulia kofia.

"Si kiburi, Mama Zenobia," akasema. "Zile ngazi zenu zina utelezi. Tuko wanane chini ya machela. Mmoja akiteleza, Mama Bikira anaangukia kwenye mavi, na mimi nitaishi na hilo mpaka kaburini. Pakikauka nitapita. Pasipokauka, usiniombe."

Tangu siku ile rozari yangu ilikuwa na ombi moja: mtaa ukauke, Mama Bikira ateremke.

Si kwamba mji wetu wa San Plácido haukuwa na mahali pa kupeleka majitaka. Tulikuwa na mabwawa mapya ya kuyasafishia, kando ya mto, serikali imeyajenga kwa saruji nzuri. Nayo tuliyabatiza. Kwetu kitu hakianzi kazi bila kubatizwa: lori hubatizwa, uwanja wa mpira hubatizwa, hata mashine ya kutolea nakala katika ofisi ya mji ilibatizwa. Na ubatizo unataka wazazi wa ubatizo. Mabwawa yalipata kumi na tisa. Kuna aliyekuwa wa utepe, wa bendi, wa keki, wa fataki, wa kibao cha shaba. Kila mmoja alilipia kipande chake, tukanywa chicha, pombe yetu ya mahindi, tukacheza mpaka viatu vikachanika. Mwaka haukuisha, pampu ikanyamaza, chujio la kuingilia likajaa matambara na nywele, hakuna wa kulisafisha, na maji yote ya Mtaa wa Juu yakaanza kutafuta njia nyingine. Njia nyingine ilikuwa kwangu.

Baba mkuu wa ubatizo alikuwa Bwana Edmundo Villarpando, mwenye duka la mbolea, mwenyekiti wa baraza la mji. Yeye ndiye aliyeyamwagia maji ya baraka kwa mkono wake baada ya Padre.

Na mimi nilikuwa diwani. Hilo nalo lina hadithi fupi. Sheria inataka wanawake wawe nusu ya orodha ya wagombea, na chama cha Bwana Edmundo kilikuwa kimepungukiwa na mmoja siku ya mwisho. Wakaja kwangu, na kabla hawajabisha hodi niliwasikia kupitia dirishani wakisema mjane ni rahisi, hana mume wa kumkataza. Nimesoma mpaka darasa la tano. Niliwakaribisha, nikawapa chai, nikaweka saini. Barazani walinipa kiti cha mwisho karibu na mlango. Si kiti kibaya. Unaona uso wa kila anayeingia na mgongo wa kila anayetoka.

Mwaka wa tatu wa Mama Bikira kutoteremka, mwezi wa tisa, ikaja barua. Viongozi wa miji kumi na mmoja ya bonde letu waende mafunzo ya siku tatu, wafundishwe namna ya kuongoza usafi wa mji na kuugharimia. Madiwani wenzetu watatu walipata udhuru siku hiyohiyo. Bwana Edmundo alikwenda kwa sababu ya cheti. Mimi nilikwenda kwa sababu ya chemba.

Mwalimu alikuwa mhandisi Ximena Urquidi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya muuza viazi. Hakuanza na hotuba. Alitoa donge la uzi wa sufu mwekundu, akampa meya mmoja mnene ncha yake.

"Wewe ni choo," akamwambia.

Ukumbi ukacheka.

"Wewe bomba," akaendelea, akipitisha uzi mkono hadi mkono. "Wewe chemba. Wewe pampu. Wewe bwawa. Wewe ni tope linalobaki chini ya bwawa, usinune, mtu lazima awe tope. Mama, wewe ni shamba la mahindi linalopokea maji mwishoni."

Nikashika mwisho wa uzi. Kisha akatuzungukia na swali moja: kipande chako analipia nani mwezi huu, na nani mwezi ujao? Asiyejua aachie uzi.

Choo akasema analipia mwenye nyumba, akabaki ameshika. Bomba akasema serikali ilishalipa. "Na mwezi ujao?" Akaachia. Chemba akaachia. Pampu akasema umeme hulipwa na mji pesa ikiwepo. "Ipo?" Akaachia. Tope hakusubiri hata kuulizwa. Haikufika dakika tano, uzi wote uko sakafuni, mimi shamba nimebaki mikono mitupu, na yule meya mnene amesimama peke yake na ncha yake.

"Umebaki na mzigo wako, mheshimiwa," mtu akamwambia.

Bwana Edmundo akanyoosha mkono. "Mwalimu, kuna kipande umekisahau. Ufunguzi. Sisi kwetu ufunguzi tunaulipia wote, tena kwa moyo."

Watu wakampigia makofi. Mwalimu hakucheka. Alisema amefika miji mingi, na hajaona hata mmoja uliokosa pesa ya fataki.

Siku mbili zilizofuata alitufundisha kama mtu anayefundisha kupika. Akachora mafiga matatu: ada ya wanaotumia, kodi ya mji, na msaada wa kutoka nje. Figa la msaada, akasema, ni la kuazima. Mwenyewe akija kulichukua, chungu kinalala upande. Na akatuambia jambo ambalo lilinifanya niache kufuma sweta niliyokuwa nayo mapajani. Wizara ilikuwa tayari kukarabati mabwawa yaliyokufa, pampu mpya na bomba zilizoziba, kwa mji wowote ambao baraza lake lingepitisha ada ya kila mwezi na kuajiri wahudumu kabla mwezi wa kumi haujaisha.

Wakati wa chakula nilikaa naye. Nikamwambia, "Mwalimu, kwetu ukitaja ada watu watakuuliza umerogwa na nani."

"Watu wenu wanaogopa nini kuliko kulipa?"

Nilitafuna kiazi changu nikifikiri. "Kuonekana wamemtupa mtoto waliyembatiza."

"Basi mimi sina la kukufundisha hapo," akasema. "Hilo somo ni lako."

Tuliporudi, Bwana Edmundo alinibeba kwenye gari lake la mbolea. Njiani akasema, bila hasira, "Ada haipiti, Mama Zenobia. Nina watu elfu mbili wanaonipenda. Siwezi kuwauza kwa ajili ya mavi."

"Nimekusikia, mheshimiwa."

Tulikuwa watano barazani. Wawili hawakupiga hata chafya kabla ya kumtazama yeye. Mmoja, Bi Wilma wa duka la vitambaa, alisema atanyoosha mkono nikimpata mtu wa tatu. Kwa hiyo mtu wa tatu alikuwa Edmundo au hakuna.

Habari zilifika sokoni kabla yangu.

"Sasa hata kunya kuna kodi?" muuza vitunguu akaniuliza mbele ya watu. "Basi mimi nitabana mpaka Jumapili, nikajisaidie kwa Padre, bure."

Mwanamke mmoja wa Mtaa wa Juu akadakia, "Sisi mavi yetu yanateremka yenyewe, hayaombi nauli."

"Ndiyo, dada," nikamwambia, "yanateremka vizuri. Shida ni kwamba kituo chake cha mwisho ni mlangoni kwangu, na hakuna anayekuja kuyapokea."

Walicheka, lakini kucheka si kura.

Kwetu kuna desturi ambayo haijaandikwa popote. Mtoto akikosa malezi, mzazi hutia mkate, kuku wa kuchoma na chupa ya chicha kwenye kapu, akamwendea baba wa ubatizo mbele ya watu. Hasemi mengi. Huweka kapu na kusema, mtoto wako anaumwa. Baba wa ubatizo akila ule mkate, amekubali kumlea. Akirudisha kapu, hataitwa tena kwenye ubatizo wowote, na siku akifa watamzika harakaharaka kama wanaokimbia mvua.

Nilikwenda kwanza kwa Padre Ciríaco, kumuuliza kama ni dhambi kumfanyia mtu hivyo kwa ajili ya bwawa. Alikuwa akila karanga.

"Mliyabatiza kwa maji ya baraka?"

"Wewe mwenyewe ndiye uliyeyabariki, Padre."

"Kumbe." Akamaliza karanga. "Sidhani kama ilikuwa sakramenti. Lakini keki niliila. Nenda, mwanangu."

Kikao cha mwisho cha mwezi wa kumi kilikuwa cha wazi. Casimira alipita nyumba kwa nyumba akiwaalika wazazi wote kumi na tisa wa ubatizo, akiwaambia tu kwamba watakumbukwa. Hakuna mtu wa kwetu anayekataa kukumbukwa. Walikuja kumi na wanne, na kofia zao nzuri. Casimira ndiye aliyebeba kuku. Alisema kura ikishindwa, angalau kuku asirudi mzima.

Bwana Edmundo alipofika jambo la nne, ada, akasema nadhani hili tunalipita haraka. Nikainuka kitini kwangu karibu na mlango, nikatembea mpaka mbele, nikaweka kapu mezani kwake juu ya karatasi. Kila mtu alijua kapu lile ni nini.

"Mzazi mwenzangu," nikamwambia; sikusema mheshimiwa. "Mtoto wako anaumwa."

"Mtoto gani?"

"Mabwawa. Wewe ndiye uliyemshika kichwa siku ya maji. Ana miaka mitatu hajaguswa na mtu, na kila anacholishwa kinamtoka mtaani kwangu."

"Anaharisha," sauti ikasema nyuma, na ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko.

Bwana Edmundo hakucheka. Shingo ilimwiva. Alilitazama kapu, akawatazama wale kumi na wanne ambao ghafla walikuwa wakikagua kofia zao, kisha akasimama na kufunga kifungo cha koti.

"Edmundo Villarpando hajawahi kumkana mtoto," akasema. "Nitalipa mimi. Wahudumu wawili na umeme, mwaka mzima. Mfuko wangu."

Makofi yalivuma. Mtu akapiga mluzi. Madiwani wake wawili wakaanza kukunja karatasi.

Mungu anisamehe, nilitaka kukaa. Mwaka mmoja ni sikukuu moja. Mama Bikira angepita mlangoni kwangu, nami nina umri wa kutosha kuridhika na mara moja. Lakini nilikumbuka jinsi uzi ule ulivyoanguka, kipande kwa kipande.

"Mungu akulipe," nikasema. "Na mwaka wa pili?"

"Mwaka wa pili tutaona."

"Na siku ukifa?"

"Unaniombea kifo, Mama Zenobia?"

"Nakuombea miaka mia, kila asubuhi. Marehemu Anacleto naye nilimwombea hiyohiyo. Mtoto huyu atakuwa anataka kulishwa sisi sote tukiwa makaburini, mzazi mwenzangu. Watu hawataacha kwenda chooni kwa heshima ya msiba wako."

Safari hii hata yeye mabega yalimtikisika. Akakaa. Akachukua mkate, lakini hakuula, aliushika tu akiwatazama waliokuwa wakipiga makofi. Tangu nipewe kile kiti cha mlangoni nimemsoma mtu huyu. Kutoa pesa hakumuumi sana. Kinachomuuma ni kutoa peke yake huku wengine wanashangilia, na sasa alikuwa amekiona: yale makofi yalikuwa ya watu waliopona kulipa.

"Wewe, Delfín," akamwita baba wa ubatizo wa fataki. "Unashangilia nini? Huyu mtoto hukumbatiza?"

"Mimi nilikuwa wa fataki tu, mheshimiwa."

"Ziko wapi hizo fataki?"

"Ziliruka."

"Na choo unacho?"

"Ninacho."

"Viwili," mkewe akasema kutoka nyuma.

Bwana Edmundo akaumega mkate. Kipande cha kwanza akala yeye, taratibu, kila mtu aone. Kisha akashuka kutoka mezani, akawapitia wale wazazi mmoja mmoja, akimtilia kila mtu kipande mkononi kama anayewapa dawa. "Kula. Mwenye choo ndiye mzazi. Kula, Delfín, wewe chukua viwili."

Aliporudi mezani alisema kwamba kule mafunzoni alikuwa amepata wazo. Boliviano kumi kila nyumba kila mwezi. Wajane na wazee wanaoishi peke yao, tano. Pesa ikae sanduku lake yenyewe, isiguswe kwa sherehe. Wahudumu wawili wa kudumu. Alilieleza wazo lile vizuri, kwa maneno yaleyale niliyokuwa nimeyaandika kwenye pendekezo langu lililokuwa chini ya kapu.

Casimira alinifinya. "Si wazo lako hilo?"

"Kata kuku," nikamwambia.

Mikono mitano ilinyooshwa.

Wizara ilikuja kabla ya Krismasi, ikaleta pampu, ikafukua mtaa wetu na kulaza bomba pana kuliko la zamani. Sitasema watu walilipa wakiimba. Mwezi wa kwanza nusu ya Mtaa wa Juu ilikuwa imesafiri, yaani walikuwa ndani wamezima redio. Bwana Edmundo akaanza kuwatembelea yeye mwenyewe, akibisha hodi na kusema, "Nimewaletea mkate." Kuna mzee mmoja aliruka ukuta wa nyuma kusikia hivyo, akaangukia kwa jirani ambaye alikuwa akilipa, naye jirani akamrudisha kwa mlango wa mbele. Mwezi wa tatu walikuwa wanalipa wenyewe, maana kulipa ni aibu ndogo kuliko mkate.

Mvua za Februari zilipokuja nilisimama kizingitini kila alasiri nikiitazama chemba ya kona. Ilinyesha kama kawaida yake, ngazi zikapitisha maji ya mbinguni tu, meupe. Siku ya nne nilimwita Casimira aje aone kitu ambacho hakipo. Tukasimama pale tumelowa, tukacheka mpaka akaniomba nimshike.

Mwezi wa saba kamati ya sikukuu ilikutana ukumbi wa parokia. Nilikaa na rozari yangu mfukoni, kidole kwenye punje. Padre Ciríaco akauliza mwaka huu Mama Bikira apite wapi. Bwana Edmundo akasema njia ya juu sasa ina mazoea ya miaka mitatu, na pale mlangoni kwake kuna tao la maua analolijenga kila mwaka. Wengine wakaitikia kwa kichwa kumuunga mkono. Padre akasema mwenye neno la mwisho ni mwenye bega, akamgeukia Mzee Fortunato.

Mzee Fortunato hakumtazama Padre. Alinitazama mimi.

"Chemba ya kona?"

"Kavu," nikasema. "Tangu Krismasi."

"Februari?"

"Nilisimama pale kila siku. Kavu."

Akafikiri. Nilisikia njiwa wakitembea juu ya bati.

"Zile ngazi za kwenda kwa Casimira. Zilikuwa kumi na mbili."

"Walipolaza bomba waliongeza mbili. Sasa ni kumi na nne, na za juu ni fupi kidogo."

"Fupi kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa kiganja. Akakitazama kiganja changu muda, kama fundi anayepima ukuta kwa jicho. Kisha Mzee Fortunato akainuka, akachukua kofia yake, akatoka, na kupitia mlango ulioachwa wazi sote tukamwona akishika njia ya kuteremka Mtaa wa Chini, akihesabu hatua.